Muhogo wa Shamba la Juu

Bibi Ephrasia alikufa kwa muhogo aliopikiwa na mkamwana wake, na mkamwana mwenyewe hakuula. Siku ya msiba hayo ndiyo yaliyojulikana, na kijiji kizima kiliona yanatosha.

Jastin alikuwa mwana wa marehemu na mume wa mpishi. Habari zilimkuta ufukweni akianika usipa, dagaa wa ziwa lile, juu ya chanja. Alipofika nyumbani alimkuta mama yake amelazwa mkekani, midomo imebadilika rangi, anahema kama samaki aliyetupwa mchangani. Binti yake Glorious alikuwa anatapika kando ya mlango. Pikipiki ilikuwa moja. Bibi hakuweza tena kusema, lakini alinyoosha mkono kumwonyesha mtoto, na mtoto ndiye aliyepakiwa. Mtoto alipona. Bibi hakungoja pikipiki irudi.

Tabibu wa zahanati alisema ni sumu iliyokuwa ndani ya chakula. Alisema na maneno mengine, marefu, lakini watu walishika neno moja wakaondoka nalo.

Matanga hayajaisha, Hedwiga, dada mkubwa wa Jastin, alimweka wifi yake katikati ya wanawake.

"Wifi, siku ile wewe ulikula nini?"

"Kiporo cha ugali," Walburga alijibu.

"Na mama ukampa muhogo."

"Mama anaupenda. Mimi unajua siupendi."

Kweli walijua. Nyumba ile ilikuwa na utani wake. Walburga alikuwa Mmatengo wa Mbinga, ameshuka ziwani kuolewa, na Jastin alizoea kumwambia, "Nyie watu wa milimani muhogo mnauona kuni." Naye humjibu, "Na nyie Wanyasa mkiona hindi mnavaa nguo za Krismasi." Watu walicheka miaka yote. Siku ile utani uligeuka ushahidi, na hakuna aliyecheka.

"Mama alisemaje alipokula?" Hedwiga aliendelea.

Walburga hakuwa mjuzi wa kusema uongo, na siku ile uongo ungemfaa.

"Alisema muhogo mchungu."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikamwambia ni ule ule wa siku zote. Wifi, mama alikuwa anasema hivyo kila nikipika! Nikitia chumvi, mchungu. Nisipotia, mchungu. Mara haukuiva, mara umepikwa na mtu asiyejua muhogo. Nilidhani ni yale yale."

"Ukamwacha ale."

"Niliona ananitania kama kawaida yake."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Hedwiga akasema. Hakumtazama wifi yake alipokuwa anasema hivyo. Alimtazama ndugu yake.

Kichwani mwa Jastin kulikuwa na jambo ambalo Hedwiga hakulijua, nalo lilikuwa baya kuliko kiporo cha ugali. Wakati wa Krismasi Walburga alimwomba wahamie Mbinga. Kaka yake, Tobias, alikuwa tayari kuwakatia kipande cha mlima wa baba yao, wachimbe ngolo, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, walime mahindi na kahawa. Mvua ilikuwa imekataa ziwani, usipa walikuwa wachache, na mtoto alikuwa ameanza shule. Jastin alimjibu kwa kifupi, kama ilivyo tabia yake: "Mama akiwa hai, mimi siondoki hapa." Hakulifikiria neno lile tena. Sasa alilifikiria asubuhi na jioni. Mama akiwa hai. Nani alimfundisha Walburga kwamba njia ya kwenda Mbinga inapita juu ya kaburi la mama? Yeye mwenyewe.

Basi akaanza kumpeleleza mke wake ndani ya nyumba yake. Alinusa sufuria. Alipekua kibuyu cha dawa ya tumbo aliyoletewa Walburga kutoka kwao. Alimuuliza maswali yale yale kwa mlango mwingine.

"Kwa nini ulichimba shamba la juu?"

"Kwa sababu la chini limekwisha, Baba Glorious. Yamebaki mashina machache uliyosema tuache kwa ajili ya mbegu. Ulisema wewe."

Nalo lilikuwa kweli. Walikuwa na mashamba mawili ya muhogo. La chini lilikuwa kando ya kijito, udongo mweusi unaoshika maji. La juu lilikuwa mchanga mtupu, mahali ambapo mwaka ule mihogo ilisimama imedumaa, majani kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Mbegu ilikuwa moja. Mashina ya juu yalikatwa kutoka shamba la chini, na Jastin aliyakata kwa mkono wake. Kijijini mbegu ile iliitwa Daktari, kwa sababu ililetwa na daktari. Haikuhitaji kuloweshwa wala kuanikwa kama muhogo mchungu wa wazee. Unachimba, unamenya, unachemsha, unakula. "Leo tunakula Daktari," watu walisema, na wageni walishtuka.

Miaka yote hiyo Daktari hakumuumiza mtu. Kwa nini aanze na mama?

Kikao cha ukoo kilikaa. Hedwiga alitaka polisi. Baba mdogo mmoja alitaka mganga wa kupiga ramli. Mwisho walikubaliana Walburga arudi kwao mpaka mambo yajulikane, na mtoto abaki kwa shangazi yake. Walburga aliwasikiliza wote, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Glorious, nawe unasema hivyo?"

"Nenda kwanza. Mambo yapoe."

"Sijakuuliza niende au nisiende. Nimekuuliza kama nawe unasema hivyo."

Jastin akatazama ziwani, kana kwamba kuna mtumbwi anaoungojea. Hapakuwa na mtumbwi. Walburga alifunga nguo zake, akambusu mtoto kichwani, akaenda Mbamba Bay kupanda gari la Mbinga.

Wiki ile ile daktari mwenyewe akaja.

Dokta Restituta hakuwa daktari wa watu. Alikuwa wa mimea, mwanamke mnene anayetembea taratibu, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Jastin alimjua tangu yeye mwenyewe ni kijana asiye na ndevu, siku mama huyu aliposhuka kwa mara ya kwanza na magunia ya vijiti vya muhogo. Alikuwa akikata shina moja vipande vitatu. Kimoja alikipanda kwao Mbinga mlimani, kimoja Kingerikiti, njiani kushuka, kimoja hapa kando ya ziwa. Kisha alizunguka kwenye mashamba hayo matatu, msimu baada ya msimu, akipima, akionja, akiandika. Swali lake lilikuwa moja maisha yake yote: muhogo ukiwa hivi ulivyo, kipi umezaliwa nacho, na kipi umepewa na mahali?

Mwanzoni watu walimcheka waziwazi. "Serikali inamlipa mtu mshahara aulize kwa nini wa mchangani si sawa na wa kwenye tope!" Jastin naye alicheka, huku akilipwa vibarua vya kumpalilia. Wenzake wa chuoni, alivyosimulia mwenyewe, walimcheka zaidi. Wao walitaka mbegu itakayoshinda popote, yeye akawa anawauliza popote ni wapi. Hakuolewa. Gari lake lilikuwa limejaa udongo wa wilaya mbili. Kisha akaleta ile mbegu tamu, watu wakaila wakashiba, kicheko kikakoma, wakaipa cheo chake.

Safari hii hakupokewa kwa vigelegele.

"Shikamoo, mama," Jastin alimwamkia.

"Marahaba. Pole sana na msiba, Jastin. Nimesikia nikashindwa kulala. Nataka kupima muhogo wako."

"Muhogo ndio umefanya nini?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nataka kupima."

Hedwiga, aliyekuwa anachambua mboga barazani, akadakia. "Tangu lini muhogo unashikwa na polisi, mpishi anaachwa?"

Restituta alieleza, taratibu, kama mtu aliyezoea kutoeleweka. Muhogo wote, hata ulio mtamu, umezaliwa na uwezo wa kutengeneza sumu. Katika mbegu tamu uwezo ule umelala. Mvua ikikatika na ardhi ikiwa maskini, unaweza kuamka. "Ni kama watoto wa tumbo moja," alisema. "Mmoja amekulia pa kushiba, mwingine amekulia kwenye njaa na mateso. Damu moja, lakini usitegemee tabia moja."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," Hedwiga akasema. "Huyo wifi yetu ni Mmatengo. Na wewe mama ni mwenyeji wa wapi?"

"Mbinga. Unajua."

"Najua. Nilitaka useme mwenyewe."

Jastin usiku ule hakupata usingizi mzuri. Hesabu zake zilikuwa hivi. Daktari akisema kosa ni la muhogo, basi anamlinda Mmatengo mwenzake. Akisema muhogo hauna kosa, basi anailinda mbegu yake, kazi ya ujana wake wote, asistaafu na aibu. Upande wowote angeangukia, alikuwa na sababu ya kudanganya. Na Jastin, ambaye shule aliiacha darasa la tano kwa ajili ya nyavu, alikuwa na hofu moja kubwa: kudanganywa na msomi mbele ya watu, akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi Restituta alimkabidhi magunia mawili madogo. "Wewe ndiye mwenye shamba. Sitaki waseme nimechagua mimi. Nenda kachimbe mwenyewe, mihogo mitano ya juu, mitano ya chini. Uniletee kwa mwenyekiti, mbele ya watu."

Njiani kutoka shambani Jastin akapata wazo, akaliona zuri. Alikaa nyuma ya kichuguu, akahamisha. Muhogo wa juu akautia gunia la chini. Wa chini akautia gunia la juu. Kama vipimo vyake ni vya kweli, alijiambia, tutaona. Na kama ana jibu lake mfukoni tangu Mbinga, atalitoa tu, nami nitamnasa.

Kwa mwenyekiti, Mzee Cuthbert, watu walijaa mpaka nje. Restituta aliuliza gunia lipi ni lipi, Jastin akamjibu bila kupepesa. Restituta alimenya, akakata vipande, akavitwanga kila kimoja peke yake, akatia kwenye vichupa. Juu ya kila kichupa akaning'iniza kikaratasi cha njano, akafunga kizibo. Kijana mmoja alinyoosha mkono kuchukua kipande. "Asionje mtu!" Restituta alifoka, mara ya kwanza watu kumsikia akipaza sauti. Alieleza kwamba pasipo na sumu karatasi hubaki njano. Penye sumu hugeuka, na ikizidi huwa nyekundu kama tofali lililochomwa. Ilibidi kungoja mpaka kesho. Vichupa vilifungiwa ofisini, ufunguo akalala nao Mzee Cuthbert, na Hedwiga akatuma mtu wake alale mlangoni, isije ikawa Mzee Cuthbert naye ana shangazi Mbinga.

Kesho yake watu walikuwa wengi kuliko siku ya kwanza.

Restituta alitoa vichupa kimoja kimoja, akavipanga mezani. Jastin hakutazama vichupa. Alikuwa anamtazama usoni, tayari kumnasa. Akaona uso ule ukibadilika, si uso wa mtu anayetafuta uongo. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika kwake akakuta nyumba haipo.

Alivigeuzageuza vile vichupa. Akasoma alama. Akasoma tena.

"Za shamba la chini ndizo nyekundu," alisema. "Za juu zimebaki njano." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nilitegemea kinyume. Miaka yangu yote ya kazi inaniambia kinyume. Lakini karatasi zinasema hivi, na siwezi kuwaambia zinasema vingine."

"Lakini wa chini tumeula miaka yote," Mzee Cuthbert akasema. "Hata mimi nimeula hapo kwa Jastin."

"Ndiyo maana nasema sielewi, mzee. Nitarudia kupima. Mpaka hapo asile mtu, wa juu wala wa chini."

Hedwiga alikuwa amekwisha kusimama. "Mmesikia wenyewe! Mama alikula wa juu, na wa juu hauna kitu. Msomi wao kasema kwa kinywa chake. Basi sumu ilitoka wapi, kama si kwenye mkono?" Watu wakaguna, wengine wakapiga makofi. Onyo la mwisho la Restituta lilipotelea humo humo.

Na Jastin? Jastin alisimama pale kama mwamba wa pwani. Karatasi hazikudanganya. Daktari hakudanganya, hata pale ambapo ukweli ulikuwa unamvua nguo mbele ya kadamnasi. Na kama hao wawili hawakudanganya, basi Walburga hakudanganya. Neno moja lingetosha: nilibadilisha. Lakini kulitoa ilikuwa ni kusema hadharani kwamba amemfukuza mke bure, na kwamba mama aliyekuja kuwasaidia amemtegea kama panya. Alijiambia atamfuata faraghani, jioni, amweleze polepole. Watu wakatawanyika. Jioni ikaja, akaenda kutega nyavu.

Kesho yake mchana alikuwa anapandisha samaki kutoka ufukweni akakutana na jirani yao, Bonifasia, amebeba beseni tupu, anatembea haraka.

"Shemeji, fanya upesi na hao usipa! Kwa wifi Hedwiga leo ni sufuria kubwa. Amechimba shamba la juu."

"Amechimba nini?"

"Daktari wa juu! Anasema anataka watu waone kwa macho hauna kitu, wakome kumtetea yule Mmatengo. Ameita watoto wote, na..."

Jastin aliangusha samaki palepale barabarani. Tangu ujana hakuwa amekimbia namna ile. Alikatiza kwenye uwanja wa kanisa, akaruka ua wa mtu, akatokea uani kwa dada yake. Sufuria lilikuwa limeepuliwa. Watoto walikuwa wamekaa duara, mikono imenawishwa. Glorious alikuwa ameshika kipande, anakipuliza kipoe. Hedwiga alikuwa amesimama juu yao na mwiko, Mzee Cuthbert ameketi kwenye kiti, ameletwa awe shahidi.

Jastin alimpiga mtoto mkononi, kipande kikaruka. Kisha akalipiga teke lile sufuria. Maji ya moto yalimwagika mguuni mwake, hakusikia. Muhogo ulisambaa uwanja mzima, watoto wakapiga kelele.

"Jastin!" Hedwiga alipaza sauti. "Umerogwa? Chakula cha watoto!"

"Asile mtu! Ndio huu! Ndio uliomuua mama!"

"Si umepimwa? Si ulikuwepo?"

"Nilibadilisha magunia."

Kwanza hawakumwelewa. Ilimbidi aseme tena, na safari hii taratibu, neno kwa neno, jambo ambalo ni adhabu peke yake. Wa juu aliutia gunia la chini. Wa chini aliutia gunia la juu. Alitaka kumnasa Daktari.

Mzee Cuthbert aliinama, akaokota kipande kilichojaa mchanga, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema, akatema tena. "Mchungu kama kwinini," alisema.

Hedwiga alikaa chini kwenye vumbi na mwiko wake. "Nimeuonja jikoni," alisema. "Niliona mchungu. Nikasema ni maneno ya watu yamenikaa mdomoni." Akawatazama watoto mmoja mmoja. Kisha akamwinulia ndugu yake macho, na Jastin akatamani angempiga na ule mwiko. "Jana ulikaa kimya. Mbele ya watu wote, ukakaa kimya. Ningewalisha hawa watoto, Jastin. Kwa mkono wangu. Halafu mimi ungeniita nani?"

Restituta aliitwa. Alipima upya muhogo ule uliookotwa uwanjani, na akaenda mwenyewe shambani kuchimba mwingine, juu na chini. Kesho yake karatasi za juu zilikuwa nyekundu kiasi kwamba Mzee Cuthbert alisema angeweza kujengea nyumba. Za chini zilibaki njano, zimefifia kidogo tu.

Jastin alimkuta akifunga vifaa vyake kwenye gari.

"Kumbe ulinibadilishia magunia," Restituta alisema.

"Ndiyo, mama. Naomba unisamehe."

"Ulidhani nitadanganya."

"Nilidhani utamlinda mtu wa kwenu. Au utailinda mbegu yako. Lipi kati ya hayo sikujua, ila niliona lazima iwe mojawapo."

Mama yule alicheka, cheko lisilo na furaha. "Na la tatu hukulipa nafasi." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Nikwambie kitu, Jastin. Usiku ule wa matokeo yako nilikaa Mbamba Bay nikafikiri maisha yangu yote nimekosea. Shina moja, mahali tofauti, tabia tofauti. Hicho ndicho nilichokijua duniani, hakuna kingine. Nikasema basi, hata hicho sikijui. Uliniumiza vibaya sana."

"Ulijua kwamba Daktari anaweza kugeuka?"

"Nilishuku. Kushuku si kujua. Misimu yote niliyopima hapa ziwani mvua ilinyesha vizuri. Niliomba tungoje mwaka mmoja wa ukame kabla ya kuwagawia watu. Mradi ulikuwa unaisha, walitaka tangazo. Nikatia sahihi." Akafunga mlango wa gari. "Naandika ripoti mimi mwenyewe. Mbegu hii iondolewe kwenye ardhi ya mchanga ya pwani yote. Wataiondoa kila mahali, nawafahamu. Na jina langu litakwenda nayo."

"Huwezi kuandika kwa namna nyingine?"

"Kama ipi?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli. Gari likaondoka.

Siku ya tatu, mguu umefungwa kitambaa, Jastin alipanda kwenda Mbinga. Alimkuta Walburga kwa kaka yake Tobias, mlimani, anachuma kahawa. Chini yao mashimo ya ngolo yalikuwa yamejipanga kama sega la nyuki. Tobias alimwitikia salamu, akaenda kuchuma mbali, asisikie.

Jastin alieleza yote. Hakuficha kitu, hata kile kichuguu alichojificha nyuma yake. Walburga aliendelea kuchuma, punje nyekundu zikidondoka kwenye kikapu.

"Kwa hiyo karatasi zimesema sikumuua mama," Walburga alisema Jastin alipomaliza.

"Zimesema. Kijiji kizima kinajua. Dada Hedwiga anaomba..."

"Wewe ulijua lini?"

"Siku ile vichupa vilipofunguliwa."

"Ukasema lini?"

"Kesho yake."

"Baada ya kuona Glorious ameshika kipande."

"Ndiyo."

Walburga alisogea kwenye mbuni mwingine, Jastin akamfuata na kikapu.

"Baba Glorious, miaka tisa nimelala na wewe. Yule mama wa vichupa umemjaribu siku moja ukamwamini. Mimi hukunijaribu hata hiyo moja. Ulinitazama tu, ukatazama ziwa." Hakuwa analia, na hilo lilimtisha Jastin kuliko machozi. "Na mama yako aliniambia muhogo mchungu, nami nikaona ni chuki zake. Hilo langu. Nitakwenda nalo mpaka nizikwe, sihitaji mtu wa kunisindikiza."

"Turudi nyumbani."

"Niletee mtoto."

"Nikikuletea mtoto utarudi?"

"Niletee mtoto," alisema tena.

Alimletea. Mwezi wa nane ulipoingia Glorious alikuwa anasoma shule ya Mbinga.

Gharama ya yote hayo ni hii. Mama mmoja yuko kaburini, alikufa akisema ukweli na asisadikiwe. Mke yuko mlimani. Hakuomba talaka, na hakurudi. Mtoto anaonekana wakati wa likizo tu. Dada anapita mlangoni kwa Jastin akielekea kisimani, na salamu yake ni kikohozi. Shamba la juu limeng'olewa lote, likachomwa. La chini nalo liling'olewa, pamoja na Daktari wote wa kijiji, ingawa halikuwa na kosa, kwa sababu hakuna aliyetaka tena kutia muhogo ule mdomoni, na mwaka ule kijiji kilikaa na njaa mpaka mahindi yalipoletwa kutoka Kitai. Mbegu iliyomchukua mwanamke mmoja ujana wake wote imefutwa, milimani na pwani. Aliyeifuta kwa mkono wake ni yeye mwenyewe, na mwaka wake wa mwisho kazini aliumaliza mezani, hakupewa tena gari. Jastin ana kovu mguuni. Hilo ndilo dogo kuliko yote.